Mpe Mtoto Kazi, Lakini kwa Kipimo

Mwezi huu ukurasa wetu wa afya unazungumza juu ya kazi za nyumbani wanazofanya watoto wetu. Pengine utauliza, kufagia na kuosha vyombo kunahusiana nini na afya? Kunahusiana sana. Mtoto aliyefundishwa kazi vizuri huilinda afya yake na ya jamaa yote. Mtoto asiyefundishwa kazi yoyote hukua bila kujua hata kuchemsha maji ya kunywa. Na mtoto aliyetwishwa kazi kuliko nguvu zake huumia, na pengine asiseme.

Kwa hiyo kazi kwa mtoto tunaweza kuifananisha na dawa. Dawa ina kipimo chake. Anayenyimwa haponi, na anayezidishiwa hudhurika. Hebu tutazame kipimo hicho ni kipi, na namna ya kufundisha.

1. KWA NINI MTOTO AFANYE KAZI?

Wazazi wengine, hasa wa mijini, huwaonea watoto wao huruma. Husema, "Mimi niliteseka sana utotoni, sitaki mwanangu ateseke." Basi kijana anafika miaka 15 hajafua hata soksi zake. Siku akienda shule ya bweni huvaa nguo chafu, hupata upele, na hushindwa kujitunza. Huruma ya namna hiyo haimsaidii.

Kazi ndogo za kila siku humpa mtoto mambo manne:

(a) Usafi wa mwili na wa mazingira. Magonjwa mengi ya watoto, kama kuhara na minyoo, huingia kwa njia ya mikono michafu, vyombo vichafu na maji machafu. Anayejua kuosha vyombo na kufunika maji amejifunza kuzuia magonjwa.

(b) Viungo vyenye nguvu na mikono iliyozoea kushika vitu.

(c) Kujiamini. Mtoto akiona kuku wameshiba kwa sababu yeye amewalisha, anajua kwamba yeye ni mtu wa maana nyumbani.

(d) Kuwajali wengine. Anayeosha sahani ya mwenzake hujifunza kwamba chakula na usafi haviji vyenyewe.

Hata sheria zinalitambua jambo hili. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa mwaka 1990, katika ibara ya 31, unasema mtoto ana wajibu kwa familia yake, kuwaheshimu wazazi na wakubwa, na kuwasaidia wanapohitaji. Lakini wajibu huo unakwenda kulingana na umri na uwezo wake. Nchini Tanzania, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumpa mtoto kazi inayodhuru afya yake au masomo yake.

2. KAZI GANI KWA UMRI GANI?

Watoto hawalingani. Mmoja wa miaka 7 ana mikono imara, na mwenzake wa miaka 9 bado huangusha vikombe. Kwa hiyo orodha hii ni ya kukuongoza tu, mzazi ndiye amjuaye mwanawe.

Miaka 2 hadi 3. Katika umri huu mtoto hupenda kuiga. Mwache arudishe kikombe mahali pake, aweke viatu pamoja, na anawe mikono ukiwa naye. Atakuchelewesha, lakini usimfukuze. Anayefukuzwa akitaka kusaidia akiwa na miaka 3 ndiye atakayekimbia kazi akiwa na miaka 13.

Miaka 4 hadi 5. Anaweza kufagia kwa ufagio mdogo, kuwarushia kuku pumba, kuchambua mboga za majani, na kukunja mkeka. Asiende peke yake kisimani wala ziwani.

Miaka 6 hadi 8. Anaweza kuosha vikombe na sahani, kufua nguo zake ndogo, kupanga vyombo kichanjani, kutandika kitanda, na kuhakikisha kwamba kuna maji na sabuni ya kunawia karibu na choo. Kama kuna kibuyu chirizi, yaani kile kidumu kinachoning'inizwa na kumiminwa maji kwa kukanyaga kijiti, kazi ya kukijaza imfaa sana.

Miaka 9 hadi 11. Anaweza kufua sare za shule, kupalilia bustani ya mboga, kumwangalia mdogo wake kwa muda mfupi mtu mzima akiwa karibu, na kuanza kujifunza kupika vyakula vyepesi mkubwa akiwepo jikoni.

Miaka 12 hadi 14. Anaweza kusonga ugali, kuchemsha maji ya kunywa, kusafisha choo kisha kunawa vizuri kwa sabuni, na kwenda sokoni kununua dagaa na kurudi na hesabu ya chenji.

Miaka 15 na kuendelea. Umpe wajibu kamili, siyo kazi moja moja. Kwa mfano, umkabidhi fedha za mboga za siku tatu, apange mwenyewe watu watakula nini.

3. NAMNA YA KUFUNDISHA

Kosa kubwa la wazazi ni kuamuru bila kufundisha. Mama husema, "Nenda kaoshe vyombo!" Mtoto anaviosha kama ajuavyo. Mama akirudi anakuta sufuria ina masizi na sahani zinanuka samaki, anagomba, pengine anachapa. Mtoto amejifunza nini? Amejifunza kuichukia kazi.

Kazi hufundishwa kwa hatua nne. Kwanza, mwonyeshe mwenyewe huku ukimweleza sababu. Pili, fanyeni pamoja. Tatu, afanye yeye wewe ukitazama. Nne, mwachie afanye peke yake, kisha ukague. Usiruke hatua, na usiache kukagua, maana kazi isiyokaguliwa huharibika polepole.

Tuchukue mfano wa kuosha vyombo:

– Anawe mikono kwanza.
– Akung'ute mabaki ya chakula, awape kuku au ayatupe shimo la taka.
– Aandae mabeseni mawili, moja la maji yenye sabuni na jingine la maji safi ya kusuuzia.
– Aanze na vikombe na glasi, kisha sahani na vijiko, na mwisho sufuria. Akianza na sufuria, maji yatajaa mafuta na masizi, na vikombe havitatakata.
– Maji yakichafuka ayamwage na kuweka mengine.
– Avipange vyombo kichanjani juani vikauke vyenyewe. Asivifute kwa kitambaa kilichokaa siku nyingi jikoni, kwa sababu kitambaa hicho hurudisha uchafu.

Mtoto anayejua sababu ya kila hatua hataruka hata moja.

Vivyo hivyo kuhusu maji ya kunywa. Mweleze kwamba maji yachemke hasa, yatoe mapovu makubwa kwa muda wa dakika moja, ndipo yaipuliwe. Yapozwe yakiwa yamefunikwa, yawekwe katika chombo safi chenye mfuniko. Maji yatekwe kwa kikombe chenye mkono mrefu kinachotundikwa mahali pake, siyo kikombe ambacho kila mtu anatumbukiza pamoja na vidole vyake.

Na kunawa mikono je? Mwambie asugue viganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole na chini ya kucha kwa muda wa sekunde 20, kwa sabuni na maji yanayotiririka. Sabuni ikikosekana, majivu safi yanasaidia.

Mtoto akivunja kikombe kwa bahati mbaya, asipigwe. Mwonyeshe namna ya kuokota vigae bila kujikata, kisha aendelee. Akifanya vizuri, mwambie, "Asante mwanangu, leo sahani zimetakata." Neno hilo humtia moyo kuliko pipi.

Jambo jingine, kazi isifanywe adhabu. Ukimwambia kila akikosa, "Kwa kuwa umekuwa mtundu, nenda kafagie," utakuwa umemfundisha kwamba kufagia ni mateso. Wala usimlipe fedha kwa kila kazi. Siku fedha zikikosekana, ufagio utalala chini.

4. KAZI ZINAZODHURU

Hapa, ndugu mzazi, tusome kwa makini. Ajali nyingi za watoto hutokea nyumbani, wakati mwingine wakiwa wanatumwa.

Mizigo mizito. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Ndoo ya lita 20 ikijaa ni kilo 20, bado uzito wa ndoo yenyewe. Mtoto wa miaka 8 mwenye afya nzuri ana kilo 25 hivi. Kwa hiyo unapomtwisha ndoo hiyo, ni karibu sawa na kumtwisha mtoto mwenzake kichwani. Shingo na mgongo huumia. Mpe kidumu cha lita 3, na akikua cha lita 5. Ni afadhali aende mara mbili. Ikiwa hawezi kujitwika mwenyewe bila kusaidiwa, basi mzigo huo si wake.

Moto. Weka alama chini kuzunguka mafiga, hatua mbili kamili, na watoto wadogo wasiivuke. Mtoto anayejifunza kupika afunge nguo vizuri, asivae kanga inayoning'inia. Mpini wa kikaango uelekezwe upande usio na njia. Akiungua, mwagia mahali hapo maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, mafuta, unga wala majivu. Funika kwa kitambaa safi na mpeleke kituo cha afya.

Moshi na jiko la mkaa. Si ajabu kumkuta binti anapika katika jiko lenye moshi mwingi huku amembeba mdogo wake mgongoni. Moshi huo huwadhuru wote wawili, na mtoto mchanga anaweza kupata nimonia. Tena, jiko la mkaa lisiingizwe kamwe katika chumba cha kulala kilichofungwa, hata kama kuna baridi. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini.

Mafuta ya taa. Kumtuma mtoto kununua mafuta ya taa kwa chupa ya soda ni hatari, kwa sababu mdogo wake anaweza kudhani ni kinywaji. Mtoto akinywa mafuta ya taa, usimtapishe wala usimnyweshe maziwa. Akitapika, mafuta yanaweza kuingia katika mapafu. Mwahishe hospitali.

Dawa za mashambani. Sisi wa Kanda ya Ziwa tunalima pamba, na pamba hupigwa dawa ya wadudu. Mtoto asipige dawa, asiichanganye, wala asifue nguo za aliyepiga dawa. Makopo yake yasichotewe maji hata yakioshwa mara kumi.

Maji ya ziwani na mabwawani. Watoto wetu wengi hufua na kuchota maji kandokando ya Ziwa Victoria wakiwa wamesimama ndani ya maji. Hapo ndipo wanapopata kichocho. Vijidudu vinavyotoka katika konokono wa majini hupenya ngozi, na huwa vingi zaidi wakati wa jua kali la mchana. Ikiwezekana, maji yachotwe mapema asubuhi, bila kuingia ndani, na mtu mzima awepo kwa sababu ya hatari ya kuzama na ya mamba. Nguo zifuliwe nyumbani. Maji ya ziwa yakiachwa siku mbili kamili katika pipa lililofunikwa, vijidudu hivyo hufa, hivyo yanafaa kuoga na kufulia. Ya kunywa ni lazima yachemshwe. Mtoto akiona damu katika mkojo au choo, apelekwe kituo cha afya. Dawa ya kichocho ipo.

5. MFANO WA NYUMBA MOJA

Tuangalie nyumba kama zilivyo nyingi vijijini kwetu. Kuna binti wa miaka 10 na kaka yake wa miaka 12.

Binti anaamka saa 10.30 alfajiri. Anachota maji, anafagia uwanja, anamwogesha mdogo wao, ndipo anakwenda shule. Anarudi saa 9.30 alasiri. Anaokota kuni, anakwenda mashineni kusaga, anapika, anaosha vyombo. Anafungua daftari lake kwa mwanga hafifu, naye analala saa 4.30 usiku. Amelala saa 6 tu.

Kaka yake anaamka saa 12 asubuhi, anakuta maji ya kuoga tayari. Jioni anacheza mpira hadi giza. Anakula, anasoma, analala saa 3 usiku. Amelala saa 9.

Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kulala kati ya saa 9 na 12 kila siku. Mwalimu anapomwona binti huyu anasinzia darasani husema ni mvivu au hana akili. Sivyo. Binti huyu amechoka. Akifeli mtihani, wazazi watasema, "Tulijua tu, kaka yake ndiye mwenye kichwa." Hivyo ndivyo wasichana wengi wanavyopoteza masomo, bila mtu yeyote kukusudia mabaya.

Je, nyumba hii ifanye nini? Haina haja ya fedha. Kaka achote maji jioni kabla ya mpira, yawepo tayari kwa asubuhi. Yeye na dada yake wapeane zamu, leo huyu aende mashineni na yule aoshe vyombo, kesho wabadilishane. Baba akate kuni mwishoni mwa wiki. Mama amwogeshe mdogo wao. Binti alale saa 3 usiku na kuamka saa 12. Amepata saa zake 9, na kila mtu nyumbani amefanya kazi.

Wengine watasema, "Mvulana kupika? Hizo ni kazi za kike." Tuwaulize, kijana huyo akienda kusoma au kufanya kazi mbali, atapikiwa na nani? Na siku atakapooa, mke akilazwa hospitali, watoto watakula nini? Mikono ya mvulana huua vijidudu kwa sabuni ileile. Njia ya haraka ya kumfundisha ni baba kuonekana akiosha sahani yake mwenyewe.

6. MTOTO WA NDUGU

Kuna neno zito ambalo hatuwezi kuliacha. Katika nyumba zetu nyingi yupo mtoto wa dada, mjukuu, yatima wa ndugu, au binti aliyeletwa kutoka kijijini "kusaidia kazi". Watoto wa nyumba wanakwenda shule, yeye anabaki na vyombo. Wao wanakula mezani, yeye anakula jikoni baada ya wote. Akiugua, anaambiwa anajisingizia.

Kipimo ni kimoja kwa watoto wote. Kazi ambayo usingempa uliyemzaa, usimpe wa mwenzako. Sheria ya Mtoto ya Tanzania inasema umri mdogo kabisa wa kuajiriwa ni miaka 14, tena kwa kazi nyepesi zisizomdhuru wala kumzuia kusoma. Chini ya hapo, huyo ni mtoto wa kulelewa, siyo mtumishi.

7. DALILI ZA MTOTO ALIYEELEMEWA

Mtoto huenda asiseme kwa maneno, lakini mwili wake husema. Tazama dalili hizi:

– Anasinzia darasani au anachelewa shule mara kwa mara.
– Analalamika shingo, mgongo au kifua.
– Ana makovu ya kuungua au kujikata yanayorudiarudia.
– Amedhoofu, au hana hamu ya kula.
– Amekuwa mkimya, hachezi na wenzake.

Ukiona dalili hizo, usianze na fimbo. Keti naye, muulize taratibu, "Mwanangu, ni kazi gani inayokushinda?" Punguza kazi, na mpeleke kituo cha afya kama anaumwa. Kumbuka pia kwamba kucheza si uvivu. Mtoto anahitaji kucheza kila siku kama anavyohitaji kula.

MWISHO

Ndugu mzazi, Waswahili husema, samaki mkunje angali mbichi. Lakini anayekunja kwa nguvu huvunja. Jioni ya leo waiteni watoto wote, wa kike na wa kiume. Andikeni kwenye karatasi kazi zote za nyumba yenu, mbele ya kila kazi muandike jina la anayeifanya sasa. Mkiona jina moja limejirudia kuliko mengine, hapo ndipo pa kuanzia.

Maswali ya kujadiliana nyumbani:

1. Katika nyumba yetu, nani anaamka wa kwanza na nani analala wa mwisho? Kwa nini?
2. Ndoo anayobeba mtoto wetu ina lita ngapi, na yeye mwenyewe ana kilo ngapi?
3. Mafuta ya taa na dawa za shamba tunaziweka wapi?
4. Ni kazi gani tumemwamuru mtoto bila kumfundisha?
5. Kama yupo mtoto wa ndugu nyumbani, je, analala, anakula na kusoma sawa na wengine?